Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Jimbo la Uchaguzi Uingereza: Mfano wa Leicester East

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa vipindi vya redio kuhusu chaguzi za Uingereza, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni lilelile. Mtu anachukua jina la jimbo, anakusanya matokeo ya miaka 100, kisha anayapanga kana kwamba ardhi ni ileile na watu ni walewale. Mimi mwenyewe nililifanya. Nilisema hewani kwamba jimbo la Leicester East, yaani upande wa mashariki wa mji wa Leicester huko England, lilikuwa mikononi mwa chama cha Labour tangu 1945 hadi miaka ya 1980. Kipindi hakijaisha, akapiga simu mzee mmoja aliyefika Leicester kutoka Mombasa miaka ya 1950. "Mwanangu," akasema, "mwaka 1959 nilipiga kura nikiishi mtaa huu huu, na jimbo la jina hilo halikuwepo." Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nafanya kazi kwa utaratibu ufuatao, na nitalitumia jimbo hilohilo kuuonyesha.

Hatua ya 1: Jua jina lilizaliwa lini, na kama liliwahi kufa

Chukua karatasi, chora mstari wa miaka, uweke alama pale jina lilipoanza na pale lilipokoma. Kwa Leicester East mstari una pengo katikati. Kwa karne nyingi mji wa Leicester ulikuwa jimbo moja lenye wabunge wawili; Ramsay MacDonald, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Labour, alikuwa mmoja wao kuanzia 1906 hadi 1918. Mwaka 1918 mji ukakatwa vipande vitatu, yaani Mashariki, Kusini na Magharibi, kila kimoja na mbunge wake. Mwaka 1950 vipande hivyo vikafutwa, yakaundwa majimbo manne: Kaskazini Mashariki, Kaskazini Magharibi, Kusini Mashariki na Kusini Magharibi. Februari 1974 yakarudi matatu, na jina la Leicester East likafufuka. Kwa hiyo miaka 24 jina halikuwepo kabisa.

Usiliache pengo hilo wazi. Andika ndani yake majina ya majimbo yaliyoshika ardhi ile wakati huo. Hapa kikubwa ni Leicester North East, na faida yake utaiona katika hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Tafuta mipaka kwa kata, si kwa mitaa

Mipaka ya majimbo ya Uingereza hujengwa kwa kata za halmashauri. Kazi hiyo ina tume nne za kudumu, moja kwa kila nchi: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, na msingi wake ni sheria ya 1944. Tume hupendekeza, wananchi hutoa maoni, kisha mipaka hutangazwa kwa amri ya kisheria. Amri hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza, kwa sababu inataja kata moja baada ya nyingine. Baada yake fungua ramani za uchaguzi za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, mtandaoni uone kwa macho.

Uchaguzi wa 2010 hadi 2019 ulifanyika katika Leicester East yenye kata nane: Belgrave, Charnwood, Coleman, Evington, Humberstone and Hamilton, Latimer, Rushey Mead na Thurncourt. Jimbo lililopiga kura 2024 lina saba: Belgrave, Evington, Humberstone and Hamilton, North Evington, Rushey Mead, Thurncourt na Troon. Ukizitazama haraka utadhani Charnwood, Coleman na Latimer zimehamishiwa kwa jirani. Sivyo. Mwaka 2015 halmashauri ya jiji ilipangiwa kata upya. Majina hayo yakafutwa na sehemu kubwa ya mitaa yake ikaingia ndani ya kata mpya. Hapa wengi hujikwaa. Hata kata iliyobaki na jina lake, kama Belgrave, huenda imeongezwa mitaa au imepunguzwa. Kwa hiyo linganisha ramani na ramani, usilinganishe jina na jina.

Elewa pia kinachoisukuma mipaka. Katika mapitio yaliyokamilika 2023, sheria ilitaka kila jimbo liwe na wapiga kura walioandikishwa kati ya 69,724 na 77,062, isipokuwa majimbo matano ya visiwani. Mji ukijaa, jimbo lake hukatwa, ukipungua, huongezewa. Hilo lipo kabla hata ya kufikiria hila za vyama.

Hatua ya 3: Orodhesha wabunge, na kando ya kila jina andika aliingiaje na aliondokaje

Orodha ya majina na miaka peke yake ni mifupa mitupu. Nyama iko kwenye chaguzi ndogo.

Mbunge wa kwanza, Gordon Hewart wa chama cha Liberal, aliondoka Machi 1922 alipoteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa England. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na George Banton wa Labour akashinda. Mwaka 1945 akaingia Terence Donovan wa Labour. Jina lilipofutwa 1950 hakupotea: alihamia Leicester North East, na mwaka huohuo akateuliwa jaji. Uchaguzi mdogo ukamleta Lynn Ungoed-Thomas. Naye mwaka 1962 akateuliwa jaji. Uchaguzi mdogo wa Julai 1962 ukamleta Tom Bradley, ambaye 1974 alivuka na kuwa mbunge wa Leicester East iliyofufuliwa.

Umeona? Kwa kumfuata mtu badala ya jina, pengo la miaka 24 limezibwa: Donovan alitoka na jina la zamani, Bradley akarudi nalo. Na chaguzi ndogo tatu zimetokana na sababu moja, mbunge kwenda kukalia kiti cha hakimu. Kwenye jedwali la kawaida hilo huwezi kuliona.

Hatua ya 4: Soma kura zenyewe, usiishie kwenye tofauti

Uingereza, kama Kenya na Tanzania zilizorithi utaratibu huo, mbunge ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata asipofikisha nusu. Kwa hiyo kwa kila uchaguzi andika mambo matatu: kura za mshindi, kura za kila mgombea mzito, na asilimia.

Mwaka 1983 Peter Bruinvels wa chama cha Conservative alimshinda Patricia Hewitt wa Labour kwa kura 933 tu. Ukiishia hapo utasema Conservative walipendwa. Shuka mstari wa tatu: yupo Tom Bradley, aliyehama Labour 1981 kwenda chama kipya cha SDP, akiwa na kura zaidi ya 10,000. Mwaka 1987 Keith Vaz alikirudisha kiti Labour kwa tofauti ya 1,924, na kufikia 2017 tofauti yake ilikuwa 22,428.

Sasa tazama haya, ndiyo ninayoanza nayo kila ninapofundisha. Mwaka 2019 Conservative walipata kura 19,071 wakashindwa na Claudia Webbe wa Labour, aliyepata 25,090. Mwaka 2024 mgombea wa Conservative, Shivani Raja, alipata kura 14,526, takriban asilimia 31, akashinda. Chama kilipungukiwa kura zaidi ya 4,500 na bado kikachukua kiti. Ukilinganisha na 2019, ndicho kiti pekee walichokitwaa kutoka chama kingine nchi nzima. Mgombea wa Labour alipata 10,100. Webbe, aliyekuwa amefukuzwa Labour 2021, alisimama kama mgombea huru, na Vaz alisimama kwa chama cha One Leicester; wawili hao pamoja walipata zaidi ya 9,000. Anayeandika kwamba "Leicester East imegeuka Conservative" hajaushuka mstari.

Kwa kuwa mipaka iliguswa kati ya chaguzi hizo mbili, kwa ulinganisho rasmi tumia makisio ya matokeo ya 2019 yaliyopangwa juu ya mipaka mipya. Wataalamu Colin Rallings na Michael Thrasher waliyaandaa kwa majimbo yote.

Hatua ya 5: Tembea

Ramani haitakuambia nani anaishi humo. Nenda Belgrave Road. Utakuta wazee wa Kigujarati ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu bila kusita, kwa sababu walikulia Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini humo. Wengi walikuja. Miaka 15 baadaye jimbo likamchagua Vaz, mzaliwa wa Aden mwenye asili ya Goa. Kila ninapoweka tangazo lile na matokeo ya 1987 kwenye ukurasa mmoja, nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Mwisho, kwenye mstari wako wa miaka acha safu moja tupu upande wa kulia. Kisheria tume zinatakiwa kuwasilisha ripoti nyingine kabla ya tarehe 1 Oktoba 2031.