Kufunga redio na spika kwenye boti ndogo bila kuimaliza betri ya injini

Muziki wenyewe ndio kazi nyepesi. Redio yoyote ya volti 12 ukiipa moto italia. Kazi ipo kwenye mambo mawili: baada ya saa kadhaa mmetia nanga muziki unapiga, ukizungusha ufunguo injini ishike, na chumvi isile viungo vya nyaya vyote ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye betri na nyaya, spika nitazipitia haraka.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua

Tafuta wati za RMS (zile inazotoa mfululizo) za amplifaya, yaani kikuza sauti, achana na ile tarakimu kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Tuseme ni wati 100. Amplifaya za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, hupoteza kiasi cha moja ya tano kama joto, kwa hiyo ikifunguliwa mpaka mwisho itavuta kama wati 125. Gawa kwa 12: ni ampea 10 na kidogo. Muziki wa kawaida hauvuti hivyo muda wote. Ukikadiria wastani wa ampea 3 kwa saa 6, umetumia ampea-saa 18 (ampea mara saa). Betri ya risasi ya ampea-saa 70 haifai kushushwa chini ya nusu, maana yake una 35 tu za kuchezea, na humo humo zinakula taa na pampu ya ngama, yaani ya maji yanayokusanyika chini ya boti.

Hatua ya 2: Tenga betri

Betri ya stata, ile ya kuwashia injini, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya polepole mpaka chini mara kwa mara, inakufa mapema. Weka betri ya pili ya aina inayostahimili kushushwa sana, na redio ipate umeme kutoka hiyo peke yake. Kati ya betri mbili funga rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) inayopima volti: injini ikichaji inaziunganisha, injini ikizimwa inazitenganisha yenyewe.

Kama nafasi inatosha betri moja tu, bandika kipima volti mahali unapokiona. Zima muziki, acha betri itulie kidogo, kisha soma. Ikiwa 12.2, imebaki nusu hivi. Hapo muziki umekwisha kwa leo.

Hatua ya 3: Fyuzi na waya mkuu

Fungua kwanza ncha hasi ya betri. Fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na redio. Viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, vinataja inchi 7, kama sentimita 18. Sababu ni kwamba fyuzi inalinda waya: shoti ikitokea katikati ya njia, fyuzi iliyo mwisho wa njia haina msaada, na waya utawaka chini ya sakafu usikoona.

Nunua waya wa shaba wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Waya mgumu wa nyumbani utakatika kwa mtikisiko, na shaba tupu hunyonya chumvi kwa ndani, chini ya mpira, mpaka inakuwa nyeusi. Ukiwa na pesa kidogo, punguza kwenye spika, usipunguze hapa.

Unene unategemea urefu, na urefu ni kwenda na kurudi. Betri ikiwa mita 4 kutoka kwenye redio, hesabu mita 8. Kwa ampea 10, waya wa milimita mraba 2.5 utapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Wa 4 utapoteza kama theluthi moja ya volti, yaani chini kidogo ya asilimia 3. Chukua wa 4, na fyuzi ya ampea 15.

Waya hasi urudi mpaka kwenye betri au kwenye basba yake (kipande cha chuma cha kukusanyia nyaya). Mazoea ya gari ya kushika eathi kwenye bodi yaache nchi kavu. Kwenye boti ya alumini, umeme unaopita kwenye bodi hula chuma chenyewe.

Hatua ya 4: Nyaya za redio

Redio nyingi zina rangi zilezile: nyeusi ni hasi, nyekundu ni moto wa swichi, njano ni moto wa kudumu unaotunza kumbukumbu, buluu yenye mstari mweupe huamsha amplifaya. Njano ndiyo mwizi. Ikinyonya miliampea 20 tu, kwa siku 30 zimeondoka ampea-saa 14. Kwa boti inayolala wiki nzima bila kuguswa, mimi huunganisha njano na nyekundu pamoja, nyuma ya swichi kuu. Redio itasahau stesheni na saa, basi.

Hatua ya 5: Spika

Chagua zilizotengenezwa kwa bahari. Zifunge mbali na dira, angalau mita moja, kisha hakikisha sindano haijasogea, kwa sababu sumaku ya spika itakupotosha bila kukuaga. Waya hasi wa spika usiguse hasi ya betri kamwe. Kwenye redio nyingi za sasa utaunguza amplifaya. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2, na si kila amplifaya inavumilia hilo.

Hatua ya 6: Viungo

Kusokota nyaya na kuzungushia tepu si kiungo. Bana kwa koleo la kubania, tumia vishikio vyenye mpira unaosinyaa kwa moto na wenye gundi ndani, kisha vuta kwa nguvu, kikichomoka, rudia. Solda peke yake huufanya waya ukakamae na kukatika pale inapoishia. Shikiza nyaya kila sentimita 45, juu ya maji ya ngama. Kabla ya waya kuingia kwenye redio, uache uning'inie chini kidogo ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Kama injini ni ya petroli na iko ndani ya boti, usifunge swichi, rilei wala amplifaya kwenye chumba chake, isipokuwa imethibitishwa kutotoa cheche.

Hatua ya 7: Washa na usikilize

Rudisha ncha hasi, washa redio injini ikiwa imezimwa, kisha washa injini. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, ni kelele za oltaneta, kifaa cha injini kinachochaji betri. Sogeza nyaya za sauti mbali na za umeme, na rudisha hasi za redio na amplifaya kwenye nukta moja. Mlio ukibaki, chomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya: ukinyamaza, unatoka upande wa redio, ukiendelea, uko kwenye umeme wa amplifaya. Mwisho washa redio ya mawasiliano ya VHF huku muziki ukiwa umezimwa sauti. Ikianza kukoroma, hamisha waya wa antena yake mbali na amplifaya kabla hujatoka kwenda baharini.