Marseille peke yako, na begi moja la mgongoni

Ukitoka Dar kwenda Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, kwa siku chache, kazi kubwa ni makaratasi. Ombi la viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, lipelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari, na bima ya matibabu ya safari iwe na kinga ya kuanzia euro 30,000. Mimi ningeanza mapema zaidi, maana miadi ya kupeleka ombi haipatikani kirahisi.

Begi liwe dogo, jamani. Treni ya kutoka Paris inakushusha stesheni ya Saint-Charles, na mbele yake kuna ngazi 104 za kuteremkia mjini. Kushuka raha. Siku ya kurudi ndiyo utaijutia kila suruali ya ziada.

Tafuta malazi karibu na Vieux-Port, bandari ya zamani. Asubuhi wavuvi wanauza samaki palepale gatini, wengine bado wanarukaruka kwenye visinia vya maji. Mzoefu wa Feri pale Magogoni hatashangaa, labda bei tu. Kwa chakula cha bei nafuu nenda soko la Noailles. Viungo, mikate, makelele, na simu ikae mfuko wa mbele kama uko Kariakoo. Wakomoro ni wengi mji huu, kwa hiyo usishtuke ukiona kanga.

Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko juu kilimani. Basi namba 60 linafika. Makumbusho ya Mucem, yaliyofunguliwa 2013, paa lake unapanda bure na bahari yote unaiona. Koti usiache: upepo wa mistral ukivuma, wa Coco Beach ni mtoto.