Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumfundisha Mbwa Kutulia Matembezini

Mbwa anayeketi akiambiwa "kaa" uani, na anayekuja mbio akisikia bakuli lake likigongwa, bado hajajifunza lolote kuhusu barabara. Wengi wetu humtoa nje tukidhani kwamba alichokishika nyumbani kitatoka naye langoni, kisha tunamkasirikia anapotusahau. Huko nje kuna paka, baiskeli, watoto wanaokimbia na mbwa wenzake, na kila kimoja kinamvuta kuliko sauti yako. Kabla hujamtaka akusikilize katikati ya hayo yote, weka sawa mambo yafuatayo.

Afya ije kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa na wakati, na mbwa anayechechemea, anayejikuna masikio mfululizo au anayenguruma akiguswa mgongo apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya somo lolote, kwa sababu maumivu humwondolea mnyama subira kama yanavyomwondolea mtu.

Kamba iwe ya kawaida, yenye urefu wa mita 2 hivi. Achana na zile zinazojikunja na kujikunjua zenyewe ndani ya kishikio: huunguza na kukata vidole mbwa anapochomoka ghafla, na zinamzoesha kwamba akivuta ndipo anapopata nafasi zaidi. Kwa mbwa mwenye nguvu, mkanda wa kifuani ni salama kuliko kola, kwa kuwa haumkabi koo. Usizungushe kamba vidoleni, hata kwa dakika moja, na ukague kulabu yake kila unapotoka.

Zawadi ziwe vipande vidogo, ukubwa wa punje ya harage, kwani utavitoa vingi. Chakula chake cha kila siku kinaweza kutosha sebuleni, lakini barabarani unashindana na paka, kwa hiyo beba kitu cha maana, kama kuku aliyechemshwa bila chumvi au maini, na umpunguzie mlo wa jioni kwa kiasi hichohicho. Vitunguu, zabibu, chokoleti na peremende zenye zailitoli (kiongeza utamu kinachotiwa badala ya sukari) ni sumu kwake. Visiingie mfukoni hata kwa bahati mbaya. Kipande kimfikie ndani ya sekunde 1 au 2 baada ya kukugeukia. Ukianza kuhangaika na mfuko wa plastiki, atakuwa amekwisha kumwangalia paka tena, na utakuwa unamlipa kwa kosa hilo.

Chagua ishara moja ya kumwita, na watu wote wa nyumbani waitumie hiyohiyo. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona mbwa wakidondokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu tu ya ishara iliyozoea kukitangulia. Wewe nawe ndicho unachokifanya: tamka neno, toa kipande, mara 10 ndani ya nyumba, kisha uani, kisha langoni. Litamke mara moja tu. Ukilirudia mara 5 ndipo ageuke, basi umemfundisha kungoja la tano.

Jambo linalofuata ni umbali, na hapa ndipo nilipoungua.

Simba, mbwa wangu, alikuwa na umri wa miaka 2 nilipoanza kumfundisha. Alipolishika jina lake vizuri ndani ya nyumba, nikampeleka moja kwa moja kwenye njia ambayo wenzake hutembezwa jioni, nikiamini kwamba akiwaona kila siku atawazoea. Kila alipotokea mbwa, nilifupisha kamba, nikasema "Simba, Simba," nikasimama naye imara hatua 5 kutoka njiani hadi mwenzake apite. Wiki ya kwanza alikodoa macho tu. Wiki ya tatu alianza kubweka. Baada ya mwezi alikuwa anaruka hadi miguu yote minne inaachana na ardhi, nami nikazidi kufupisha kamba na kupandisha sauti. Jioni moja mbwa alijitokeza ghafla penye kona, nikamkamata Simba shingoni ili nimrudishe nyuma, naye akageuka akaning'ata mkono. Hakuwa amenikusudia mimi. Mbwa aliyepandwa na jazba, kisha akazuiliwa, anaweza kumng'ata yeyote aliye karibu. Niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nikaenda hospitali ingawa chanjo zake zilikuwa kamili, na wewe likikupata ufanye vivyo hivyo bila kujadiliana na mtu.

Hata hivyo, si jino lililonifumbua macho. Siku chache baadaye nilitoka naye alfajiri, njia ikiwa tupu kabisa. Alikuwa ananusa majani pembeni, kamba imelegea, nami nikamwita jina ili nimpe kipande cha ini. Badala ya kunigeukia, aliinua kichwa, akafumba mdomo, manyoya ya mgongoni yakamsimama, akaanza kuipekua barabara kwa macho, kushoto na kulia, akimtafuta mbwa ambaye hakuwepo. Ini lilinibaki mkononi. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimelitamka jina lake kila palipotokea mbwa, kamba ikikaza papo hapo, na yeye, kama mwanafunzi mwema wa Pavlov, alikuwa ameshika kwamba jina hilo maana yake ni "adui anakuja." Nilikuwa nimemfundisha vizuri sana, ila somo silo.

Ilinibidi niliweke jina kando na kuanza upya kwa ishara nyingine, mlio mfupi wa kualika ulimi, yaani kuugonga kaakaani, na safari hii nilianzia mbali. Umbali unaofaa haupimwi kwa kukisia. Mbwa mwenyewe ndiye anayekuonyesha. Akiweza kumtazama mwenzake, kisha akageuka na kula kwa utulivu, hapo mnaweza kufanya kazi. Akikataa ini, au akilinyakua kwa pupa huku macho yake yakibaki kulekule, mko karibu mno, na hakuna amri itakayomwingia masikioni. Kwa Simba umbali huo ulikuwa hatua 60, mwisho kabisa wa uwanja, na niliona haya kusimama huko peke yangu nikilisha mbwa vipande vya maini. Anamwona mwenzake, ninaalika ulimi, anageuka, anakula, tunaondoka. Dakika 5 zinatosha, kisha anaachwa anuse anavyotaka. Anapofaulu karibu kila mara kwa siku kadhaa, sogea hatua chache. Akikosa mara 2 mfululizo, rudi nyuma bila kinyongo. Wala usiongeze ugumu wa aina mbili kwa mpigo: ukipunguza umbali, fupisha muda, na kama mbwa wa leo ni mchangamfu kuliko wa jana, ongeza umbali tena. Ilituchukua miezi 5 kufika ng'ambo ya barabara. Hadi leo hasalimiani na mbwa asiowajua, na sijamlazimisha.

Hiyo ruhusa ya kunusa si upotevu wa muda. Mwanasaikolojia David Premack alionyesha mwaka 1959 kwamba tendo analolipenda mnyama linaweza kuwa malipo ya tendo asilolipenda sana, na kwa mbwa, kunusa nguzo kunapendeza karibu sawa na nyama. Akikutazama, mruhusu aiendee nguzo.

Jizoesheni pia kugeuza njia. Nyumbani, pasipo mtu, geuka ghafla kwa sauti ya furaha na umlipe akikufuata, ili siku mbwa mwingine atakapochomoza penye kona msianze kuvutana. Anayekuja akipaza sauti kwamba mbwa wake si mkali, mjibu kwa heshima kwamba wako bado anajifunza, kisha ondoka. Hudaiwi maelezo zaidi.

Mengine unayajua. Simu ikae mfukoni. Lami ikiwa na joto usiloweza kulivumilia kwa kiganja, itaunguza nyayo zake, basi ngojeni jua lipungue. Usimkabidhi kamba mtoto ambaye mbwa anaweza kumburuta. Usitoke naye ukiwa umechoka au umeudhika, wala siku ya fataki. Na mkirudi, funga lango kwanza, ndipo umfungue kamba.