Kazi ndogo moja, vipengele vitatu: namna ya kuikadiria na kuifuatilia

Timu inatengeneza programu ya simu ya shule. Mzazi atalipa ada, atanunua sare na atachangia safari ya wanafunzi. Vipengele vyote vitatu vinategemea kazi moja: kupokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa.

Tuseme ada ina saa 12 za kazi yake yenyewe, sare 10, safari 8, na malipo 16. Ukiyaandika malipo chini ya kila kipengele, jumla inafika saa 78, ilhali kazi iliyopo ni ya saa 46. Ukiyaweka chini ya ada peke yake, hesabu inakaa sawa mpaka mkuu aseme ada isubiri muhula ujao. Hapo mpango utaonyesha saa 18, kumbe zimebaki 34.

Hatua ya 1: Itoe kazi ya malipo ijitegemee. Ipe mstari wake. Usigawe 16 kwa tatu. Hakuna atakayefanya theluthi ya malipo. Kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi, kazi ndogo hukaa chini ya kazi kuu moja tu, kwa hiyo ifanye kazi kamili, kisha iunganishe na vile vitatu kwamba inavizuia. Kwenye Excel, safu ya “Inasubiri” inatosha.

Hatua ya 2: Weka mpaka. Msiharakishe hapa, ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Kutuma ombi la malipo, kupokea jibu na kulihifadhi ni kazi ya wote. Kutoa stakabadhi ya ada si ya wote, wala kupunguza idadi ya sare stoo. Andikeni pia jibu litakuwa na nini: kiasi, namba ya muamala, limefaulu au la.

Hatua ya 3: Kadirieni mara moja, wahusika wote wakiwapo. Mambo yakienda vizuri, saa 10, kwa kawaida, 14, yakiharibika, 30. Kanuni ya PERT, njia ya kukadiria muda wa kazi, iliyotokana na mradi wa Polaris wa Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1958, inasema: (10 + 4×14 + 30) ÷ 6 = 16. Ile 30 si woga. Mteja anaweza kughairi, kukosea PIN, au kuiacha simu mezani tu, na kila hali inataka kushughulikiwa.

Hatua ya 4: Jina moja. Wanaoandika msimbo wanaweza kuwa wawili, anayeulizwa ni mmoja. Mimi majina mawili siyakubali.

Hatua ya 5: Kila asubuhi andika saa zilizobaki. Asilimia achana nazo. “Asilimia 90” inaweza kukaa ubaoni wiki nzima. Saa zikipanda kutoka 6 hadi 11, wenye vipengele vitatu waambiwe siku hiyohiyo na tarehe zao zisogezwe. Wakati wanasubiri, waendelee kwa jibu la bandia lenye umbo mliloandika katika hatua ya 2, kisha waliondoe malipo yakiwa tayari.