CD ya gari: choma kutoka WAV, si MP3

Kwa wenzangu wa Tabora–Kigoma ambao redio ya gari bado inakula CD: matoazi yakilia kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, usikimbilie kununua spika; huenda CD ilichomwa kutoka MP3, faili ambalo hukatwa sehemu ya sauti ili liwe dogo. Nakili nyimbo kutoka CD halisi kwa WAV au FLAC, aina za faili za sauti zisizopunguzwa kitu, kisha uzichome kama CD ya muziki, si ya data yenye mafaili. Utapata dakika 80 tu, vumilia. Kasi ya kuchoma iwe ndogo, 8x au 16x. Haiongezi utamu, ila huenda ikasaidia redio kuukuu isirukeruke. MP3 ya kbps 128, yaani iliyobanwa sana, ukiigeuza WAV umejisumbua bure, kilichokatwa hakirudi. Na lenzi ya redio ikishajaa vumbi la Nguruka, hata diski safi itakwama.