Mwenyewe yupo? Kumweleza mtu atman kwa gilasi ya chumvi

Miaka 6 nilikata vitambaa dukani kwa mzee mmoja wa Kibaniani, Mtwara mjini. Mchana duka likipoa alikuwa akinieleza habari za atman, yaani lile ambalo Wahindu wanasema ndilo mtu hasa, ndani kabisa. Mimi ni Mwislamu na nimebaki hivyo, ila vijana wa hapa Mikindani wakiniuliza Wahindu wanasemaje kuhusu nafsi, nawaonyesha kama nilivyoonyeshwa.

Kwanza weka kando neno "roho". Kwetu roho hutoka, mtu huwa na roho mbaya, na samaki aliyelala huichafua. Atman haichafuliwi na samaki. "Nafsi" nayo ina matamanio yake. Linalokaa vizuri ni "mwenyewe", lile la mgeni mlangoni: "Hodi! Mwenyewe yupo?" Nyumba anaiona, anachouliza ni mwenye nyumba. Hata katika Kisanskriti, atman ni neno la kila siku la kusema "mwenyewe".

Sasa chumvi. Somo liko katika Chandogya Upanishad, moja ya maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu: Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, aliyekwenda kusoma akiwa na miaka 12 akarudi na 24, kichwa kimejaa elimu na majivuno. Jioni tia chumvi kwenye gilasi ya maji, uiache ilale. Asubuhi mwambie mwanafunzi akutolee chumvi yako. Haioni. Aonje maji ya juu, ya katikati, ya chini: chumvi tupu. Hapo ndipo Uddalaka alipomwambia kijana kwamba hicho kisichoonekana, kilichoenea kote, ndicho atman, na "wewe ndiwe hicho".

Tumia chumvi ya unga. Mara ya kwanza nilitia ya mawe, iliyotoka shambani moja kwa moja. Asubuhi mpwa wangu akachungulia: "Mjomba, mbona naiona?" Ulikuwa mchanga. Ikabidi nirudie kesho yake.

Baada ya hapo keti naye, afumbe macho. Mkono: anaujua, basi yeye anayeujua si mkono. Goti linalouma, si hilo. Njaa, si hiyo. Hasira ya bei ya korosho, ambayo huku kwetu haikosekani, nayo anaiona ikija na kuondoka. Kila kimoja aseme "si hiki". Njia hii ni ya Yajnavalkya, mwenye hekima wa kale, katika andiko jingine, Brihadaranyaka Upanishad: neti, neti, yaani "si hiki, si hiki".

Wengi hukwama hapa. Wanamenya kama mtu anayebangua korosho, bibo kando, ganda kando, utando kando, wakingoja kiini cheupe kiwabaki kiganjani. Nami nilikwama hivyo miezi kadhaa. Mzee alikuwa akinikatiza huku anapima kanga: "Na hicho kiini, nani anakiona?"

Usimwambie mwanafunzi kwamba Wahindu wote wanakubaliana. Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu, alishika kwamba mwenyewe huyo ni mmoja kwa wote, naye ndiye Brahman, yaani ule uhalisi mkuu ulio asili ya vyote. Madhva, mwanafalsafa mwingine wa karne ya 13, alikataa kabisa: nafsi ni nafsi, Mungu ni Mungu.

La mwisho ni usingizi. Muulize: ulilala fofofo, huna hata ndoto, kisha unasema "nimelala vizuri". Nani alikuwepo akaijua raha hiyo? Swali hili liulize asubuhi kabla ya chai. Ikifika mchana, mtu ameshasahau hata alivyolala.