Kuzidisha binari kwa mbili: bandika sifuri tu

Kwa wenzangu wa informatiki hapa Lubumbashi, mtihani ukija bila kalkuleta: ukitaka kuzidisha namba ya binari (inayoandikwa kwa 0 na 1 tu) kwa mbili, bandika sifuri moja mwishoni, upande wa kulia, basi. 13 ni 1101. 11010 ni 26. 110100 ni 52. Kila nafasi ina thamani mara mbili ya ile iliyo kulia kwake, na sifuri hiyo inazisukuma tarakimu zote hatua moja kushoto. Yenyewe haiongezi chochote, inashika nafasi tu. Mara kumi je? Jumlisha mara nane (sifuri tatu) na mara mbili (sifuri moja): 1101000 + 11010 = 10000010, yaani 130. Raha sana hiyo.

Ila soma swali vizuri likitaja biti 8, yaani nafasi nane tu za tarakimu. 200 ni 11001000. Ukibandika sifuri, 1 ya kushoto kabisa inakosa mahali na kudondoka, unabaki na 10010000, ambayo ni 144 badala ya 400. Maprofesa wanapenda kutega hapo. Na kwenye namba yenye koma, kama 1,1 (ndiyo 1,5 yetu), sifuri ya mwisho haibadili kitu: sogeza koma kulia.